Nyumba, Kitabu na Neno la Kutumwa: Fikira juu ya Lutindi na Maandiko ya Kikristo katika Kiswahili

Mtu apandaye kutoka Korogwe, akiacha nyuma yake mashamba ya mkonge ya bondeni na kuingia katika milima ya Usambara Magharibi, hufika Lutindi. Ni mahali padogo, lakini pastahili kukumbukwa na kila mchunguzi wa maandiko yetu. Hapo, katika mwaka 1896, chama cha Waprotestanti wa Kijerumani kilijenga nyumba ya kulea watoto waliookolewa katika utumwa. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, nyumba hiyo ilianza kupokea wagonjwa wa akili, na hospitali iliyotokana nayo ingaliko hata leo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania.

Historia ya majengo na ya walezi si kazi ya makala haya. Nataka kuuliza swali la lugha. Maandiko ya Kikristo katika Kiswahili, tangu tafsiri za mwanzo, yamemfikiri msomaji wake kuwa mtu wa nyumba: baba, mama, watoto, na kitabu katikati yao. Je, maandiko hayo husemaje na mtu ambaye nyumba yake imevunjwa? Lutindi ilipokea kwanza watoto walionyang'anywa ukoo wao, na baadaye wagonjwa ambao mara nyingi hata jamaa zao huwaogopa. Kwa hiyo ni mahali pafaapo kuwa mizani ya maneno yetu. Maoni yangu ni kwamba ubora wa neno la tafsiri haupimwi kwa nasaba yake, kama ni la Kibantu au la Kiarabu, bali kwa nafasi linayompa mtu katika nyumba.

Na tuanze na nyumba yenyewe. Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, iliyotolewa katika mwaka 1529, iliandikwa ili mkuu wa nyumba awafundishe watu wake amri, imani, sala na maana ya ubatizo kwa maneno mepesi. Kitabu chatoka mkononi mwa baba na kuwashukia watoto. Utaratibu huu ulipofika Usambara pamoja na wamisionari wa Bethel, ambao walianza kazi Mlalo katika mwaka 1891, ulikuta mambo yamekaa namna nyingine. Katika nyumba nyingi waliotangulia kujua kusoma walikuwa watoto na vijana. Jioni, baada ya chakula, aliyeshika kitabu hakuwa baba bali mtoto. Baba alisikiliza, na mama asiyejua hata irufi moja aliweza kuzishika zaburi moyoni kwa kuzisikia tu.

Jambo hili si dogo. Katika desturi zetu mkubwa ndiye asemaye na mdogo ndiye asikiaye. Mtoto asomaye mbele ya wazazi wake ile amri ya kuwaheshimu baba na mama huwa anatii na kuamuru kwa wakati mmoja. Wazazi wanamhitaji ili wasikie kwamba yampasa awatii. Hapo ndipo elimu, imani na maisha ya nyumbani hukutana, na hapo ndipo huweza kugombana. Ikiwa maneno ya kitabu ni mageni mno, mtoto huwa mkalimani, na mkalimani ni bwana wa kikao. Ikiwa ni maneno ambayo mzazi naye anayo kinywani mwake, basi mzazi aweza kusahihisha, kuongeza na kufasiri, na kiti chake hakichukuliwi. Kazi ya mfasiri wa Biblia, kwa hiyo, haikuwa kutafuta maneno sahihi tu. Alikuwa akigawa madaraka katika nyumba za watu, ajue asijue.

Karl Roehl, kwa sifa zake na kwa makosa yake, alilikaribia tatizo hili kuliko wengine. Alikuwa mmisionari wa Bethel aliyeifahamu Usambara, na mtaalamu wa lugha pia. Kitabu chake juu ya sarufi ya Kishambaa kilitoka katika mwaka 1911. Agano Jipya lake la Kiswahili lilitolewa katika mwaka 1930, na Biblia nzima katika mwaka 1937, Stuttgart. Wasaidizi wake Waafrika, miongoni mwao Martin Nganisya na Andrea Ndekeja, yafaa watajwe kila atajwapo yeye, maana tafsiri ya namna hii haitoki katika kichwa cha mtu mmoja. Katika mwaka ule ule wa 1930 Roehl aliandika juu ya hali ya lugha katika Afrika ya Mashariki, akatetea maoni kwamba Kiswahili kipunguziwe maneno ya Kiarabu na kirudishiwe maneno ya Kibantu, ili watu wa bara wakipokee kama lugha ya jamaa zao.

Matunda ya shauri hilo yaonekana waziwazi katika Biblia yake. Mahali pa injili aliweka utume mwema. Mahali pa nabii aliweka mfumbuaji. Sabato aliita siku ya mapumziko. Msomaji aliyezoea Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, iliyounganisha mapokeo ya Unguja na ya Mombasa, huona kana kwamba ameingia katika nyumba anayoijua, lakini vyombo vyote vimehamishwa.

Wahakiki wamemlaumu Roehl kwa haki kwamba alitaka kuisafisha lugha iliyo hai kama mtu achambuaye mchele katika ungo. Maneno ya Kiarabu hayakukaa juu ya Kiswahili kama vumbi. Mengi yao yamo katika mfupa wake. Mtoto wa Usambara aendaye kujifunza husoma na kuandika kwa vitenzi vya Kibantu, hushika kitabu na kalamu kwa majina ya asili ya Kiarabu, naye yumo shule, neno tulilolipata kwa Wajerumani, hali Unguja husema skuli kwa kufuata Waingereza. Nani atawaambia watoto hawa kwamba mojawapo ya maneno hayo si lao?

Lakini lawama hii, ingawa ni ya haki, haitoshi. Yampima Roehl kwa kipimo chake mwenyewe, yaani nasaba ya maneno, ila yageuza hukumu tu. Tukitumia kipimo cha nyumba, twaona mambo mengine. Tuchukue mfumbuaji. Neno hili latoka katika kufumbua, nalo kufumbua lajulikana na kila mzee aliyekaa na wajukuu wake usiku akiwatolea mafumbo. Bibi asikiaye kwamba Isaya alikuwa mfumbuaji ana pa kushika: anajua kazi ya mtu afunguaye jambo lililofungwa, na aweza kumweleza mjukuu wake asomaye. Kiti kimerudi kwake. Kasoro ya neno ni kwamba manabii wa Biblia hawakufumbua tu. Walionya, walilia, walishtaki wafalme. Nabii lachukua mzigo huo wote kwa sababu limezoewa. Mfumbuaji lachukua sehemu moja tu, lakini sehemu hiyo lailetea mwanga.

Kadhalika tutazame neno yatima. Ni neno la asili ya Kiarabu, na kwa mizani ya Roehl ni geni. Lugha ina neno lake la Kibantu lililo karibu nalo, mkiwa. Lakini mkiwa laeleza upweke wa mtu: aliyefiwa, aliyeachwa, asiye na wake. Yatima lilifika pwani pamoja na sheria ya dini iliyokataza watu kula mali ya mtoto asiye na baba. Kwa hiyo ndani ya neno hilo mna haki, si huruma peke yake. Katika Injili ya Yohana, sura ya 14, pale Bwana awaahidipo wanafunzi wake kwamba hatawaacha, Tafsiri ya Muungano yatumia neno yatima. Mtoto wa nyumba kama ile ya Lutindi alihitaji kusikia zaidi ya kwamba ni mkiwa. Jambo hilo alilijua. Alihitaji neno limwambialo kwamba kuna deni juu yake, na kwamba wakubwa watadaiwa. Hapa neno la kigeni ndilo lililomfaa mtoto asiye na wake.

Sasa nafika katika neno lililo zito kuliko yote kwa mahali hapa. Kitenzi kutuma ni cha Kibantu kabisa, wala Roehl hakuwa na sababu ya kukitilia shaka. Kutoka kwake twapata mtume, mtumishi, utume, utumishi, tena mtumwa. Mtume ni mtu aliyepewa ujumbe. Mtumwa ni mtu ambaye hupelekwa huku na huku bila kuulizwa. Maneno haya ni ndugu wa tumbo moja, lakini mmoja alirithi heshima na mwingine akarithi mnyororo.

Katika Waraka kwa Warumi, mstari wa kwanza kabisa, Tafsiri ya Muungano yaweka maneno haya mawili pamoja: Paulo ajiita mtumwa wa Kristo, na papo hapo ajitaja kuwa mtume. Kwa msomaji aliyezaliwa huru mstari huu ni unyenyekevu mzuri. Atausoma na kuendelea mbele. Lakini na tumfikiri kijana aliyeletwa Lutindi kutoka katika utumwa, amefundishwa kusoma, na sasa afika mstari huo. Jina ambalo aliondolewa kwa kazi kubwa linarudi kwake kutoka katika kitabu kile kile kilicholetwa na waliomwondolea. Wafasiri hawakukosea, kwa kuwa neno la Kiyunani ndivyo lisemavyo. Lakini tafsiri iliyo sahihi katika chuo yaweza kuwa jeraha katika nyumba ya kulelea watoto, na mwalimu asiyeliona jambo hilo hakustahili kushika kitabu mbele yao.

Dawa ya jeraha hilo imo katika kitabu hicho hicho, ila yataka msomaji afike mbele. Katika Waraka kwa Wagalatia, sura ya 4, Paulo asema kwamba mtu hutoka katika hali ya mtumwa na kuingia katika hali ya mwana, na mwana ni mrithi. Katika waraka mfupi kwa Filemoni mtumwa Onesimo arudishwa kwa bwana wake, lakini kwa sharti kwamba apokewe kama ndugu mpendwa. Nyaraka hizi zote mbili ni habari za nyumba: nani aketi mezani, nani arithi, nani aitwe ndugu. Kwa Mshambaa mwenye baba na shamba la ndizi, urithi ulikuwa mfano. Kwa mtoto wa Lutindi haukuwa mfano. Ulikuwa swali la maisha yake, maana hakuwa na wa kumrithi. Nathubutu kusema kwamba yeye alikuwa msomaji bora wa Wagalatia kuliko walimu wake.

Na utume mwema wa Roehl? Hapa twaona udhaifu wa fikira yake kuliko mahali pengine. Alikimbia neno injili kwa kuwa ni la asili ya Kiarabu na latumiwa na Waislamu. Lakini neno alilokimbilia, ingawa ni la Kibantu mpaka mizizi, halikuwa tupu. Katika pwani nzima, asemapo mtu Mtume bila kuongeza jina, aliyekusudiwa ni Muhammad. Kwa hiyo jina la Kibantu lilikuwa limekwisha kuingia msikitini tangu zamani, na hakuna awezaye kulitoa huko kwa kuangalia sarufi tu. Maneno hupata dini yao kwa watu wayatumiao, siyo kwa asili yao. Hata hivyo utume mwema una faida moja ambayo injili haina. Injili ni jina la kitu: kitabu, habari. Utume ni tendo. Lazima awepo mwenye kutuma, na mwenye kutumwa, na mahali pa kwenda. Nitalirudia jambo hili mwisho.

Mpaka hapa nimesema juu ya wafasiri. Yafaa sasa kumsikiliza mtu aliyeandika kutoka ndani ya nyumba yenyewe. Lutindi haikupata mwandishi wa namna hiyo. Habari za watoto wake zimetufikia zaidi kwa kalamu za walezi wao na kwa lugha ya walezi wao. Lakini Freretown, karibu na Mombasa, makao ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kiingereza katika mwaka 1875, ilimpata James Juma Mbotela. Kitabu chake Uhuru wa Watumwa kilitolewa London katika mwaka 1934, na kwa miaka mingi kilisomwa katika shule zetu.

Wahakiki wa baada ya uhuru wamekilaumu kitabu hiki kwamba chawashukuru Waingereza kupita kiasi na chawalaumu Waarabu bila kupima. Lawama hiyo ina ukweli. Mbotela hulipa deni kila ukurasa, na mtu alipaye deni hawezi kumchunguza mdai wake. Haulizi kwa nini dola iliyofunga soko la watumwa ilifungua hesabu ya mali yake yenyewe katika nchi ile ile. Huo ni upungufu wa kweli, wala sitaki kuufunika.

Lakini tukikisoma kama kitabu cha nyumba, twaona kazi nyingine ambayo lawama hiyo haiigusi. Mbotela aandika habari za wazee wake. Mtoto wa ukoo uliokaa pamoja huambiwa nasaba yake jioni: fulani alizaa fulani, walitoka mlima fulani, walivuka mto fulani. Mtoto wa Freretown hakuwa na mlima wala mto wa kutajiwa ila njia ya msafara, jahazi, na merikebu iliyolikamata jahazi. Mbotela aliichukua njia hiyo ya aibu akaifanya nasaba. Aliiandika kwa Kiswahili, lugha ambayo wazee wale, waliotoka katika makabila mbalimbali, waliweza kukutania. Kwa watu wa namna hii Kiswahili hakikuwa lugha ya pili iliyowekwa juu ya lugha ya mama. Kilikuwa lugha ya mama kwa sababu mama mwingine hakuwapo.

Hili ndilo jambo ambalo Roehl hakuliona vema kutoka katika milima yake. Alifikiri juu ya mtu wa bara aliye na lugha ya nyumbani, akataka Kiswahili kiwe jirani mwema wa lugha hiyo. Shauri hilo lilimfaa Mshambaa wa Mlalo. Lakini kwa mtoto aliyeokolewa msafarani, kukiondolea Kiswahili maneno yake ya pwani ilikuwa kuibomoa nyumba ya pekee aliyobakiwa nayo. Tafsiri iliyokusudiwa kuwakaribisha wenye nyumba iliwasahau wasio nayo.

Yabaki kusema juu ya Lutindi ya pili, ile ya wagonjwa. Bethel ya Bielefeld, ambako utumishi huu ulitoka, yenyewe ilianza katika mwaka 1867 kama makao ya watu wenye kifafa. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba tawi lake la Usambara lilifungua mlango kwa wagonjwa wa akili. Hapa mizani ya maneno yatupa jibu jingine la kushangaza. Neno la Kibantu kwa ugonjwa huu ni wazimu, nalo ni la ukoo mmoja na mzimu na kuzimu. Humweka mgonjwa mikononi mwa wafu, na jamaa zake humwogopa pamoja na hao walioko nyuma yake. Twasema pia mgonjwa wa akili. Akili ni neno la asili ya Kiarabu, lakini latenda kazi ya upendo: lasema kwamba mtu huyu ana kiungo kilichougua, kama mwenye kuumwa mguu au kifua, na kwamba aweza kutibiwa na kurudi. Anayefikiri kwamba neno la asili yetu huwa daima ni neno la karibu na moyo, na aende akaulize katika wodi ni neno gani kati ya hayo mawili mgonjwa angependa aitwe mbele ya watoto wake.

Sidai kwamba neno la kigeni ni bora siku zote. Nimesifu mfumbuaji, na ningefurahi kama lingeendelea kuishi katika mahubiri angalau mara mojamoja. Nadai tu kwamba mhakiki wa tafsiri asikae katika kamusi peke yake. Na akae pia mezani, jioni, asikilize nani asoma, nani asikia, nani ainua macho kwa neno fulani na nani ayainamisha.

Nimalizie kwa hadithi ambayo kila mlezi wa Lutindi bila shaka aliijua. Katika Injili ya Marko, sura ya 5, mwasomwa habari za mtu aliyekaa makaburini, aliyefungwa minyororo akaikata, ambaye hakuna aliyeweza kumtuliza. Anaponywa, avaa nguo, aketi na akili zake. Kisha aomba ruhusa amfuate aliyemponya, na hiyo ilikuwa haki yake, kama tufikirivyo. Wengine waliitwa waache nyumba zao wafuate. Lakini yeye akataliwa. Aambiwa arudi nyumbani, kwa watu wake, akawasimulie.

Mtu huyu alikuwa na minyororo ya mtumwa na ugonjwa wa mwenye wazimu; Lutindi zote mbili zimo ndani yake. Na jibu alilopewa ni kutumwa, siyo kulelewa daima mahali pa salama. Hapa ndipo neno la Roehl, pamoja na kasoro zake zote, lapata haki yake. Habari njema kwa mtu huyu haikuwa kitabu cha kuwekwa rafuni, ilikuwa utume, tena utume wa kurudi kwa jamaa waliokuwa wakimwogopa. Aliyekuwa kama mtumwa amekuwa mtume kwa nyumba yake mwenyewe. Na nyumba ile, ikimfungulia mlango, itakuwa nayo imefundishwa kusoma.

Wenzetu walio na Biblia za Roehl zenye maandishi ya kando ya wazazi wao, majina ya watoto waliobatizwa, tarehe za vifo, na mistari iliyopigiwa wino, wazihifadhi. Kwa mchunguzi wa lugha, pembezoni mwa kurasa hizo mna uhakiki ambao hatujaanza kuusoma.